Mtoto wa Namkunda Aitwe Nani

Hapo zamani za majuzi, mwezi wa Januari, Namkunda wa Same alianza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ujerumani. Kwao alikuwa muuguzi. Amezalisha, ameshona vidonda. Huku alikuwa msaidizi: analisha, anaogesha, anatandika. Sheria ilisema hatashika sindano mpaka afaulu mtihani wa lugha.

Lugha alikuja nayo. Alifundishwa na Mwalimu Sifuni, kwenye kibaraza cha zahanati, jioni baada ya zamu. Namkunda akisinzia, Mwalimu humwambia, "Basi lala kwa Kijerumani."

Lakini Namkunda alikuwa na kosa la watoto waliolelewa vizuri. Mkubwa akisema, yeye huitikia "ndiyo", ameelewa hajaelewa. Bibi Hedwig, mmoja wa wazee wa pale, aligundua. Siku moja akamuuliza, "Binti, pembe zangu leo zimekaa sawa?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakasirika. "Na nikikwambia dawa hii inaniua, utaitikia ndiyo? Kuanzia leo sili mpaka unibishie." Akagoma kweli. Supu ya mchana ikapoa, na ya jioni ikapoa. Ndipo Namkunda akasema, kwa mara ya kwanza, "Sijaelewa, bibi. Rudia."

Kazini palikuwa na Jerotich wa Eldoret, naye muuguzi kwao na msaidizi huku. Darasa la mtihani lilikuwa na nafasi moja, na zamu ilikuwa ya Jerotich. Namkunda alikuwa mjamzito. Jerotich akamwambia, "Enda wewe kwanza. Ukishazaa, utasoma saa ngapi?" Akabaki kusukuma mikokoteni ya nguo chafu.

Kwenye mtihani, daktari alieleza hali ya mgonjwa upesi upesi. Namkunda akamkatiza: "Sijaelewa, daktari. Rudia." Daktari akarudia. Namkunda akafaulu, akarudishiwa uuguzi wake. Mwezi uliofuata akajifungua mtoto wa kike.

Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza hupewa jina la mtu aliyemshika mama yake mkono. Jina moja, si mawili, na mwenye jina huhesabiwa mama. Basi wakakusanyika chumbani kwa Bibi Hedwig, Mwalimu akiwa kwenye simu. Wakaongea Kijerumani ili Bibi asiachwe nje.

Mwalimu akaanza. "Wanafunzi wangu wote wamepanda ndege. Hakuna hata mmoja aliyebeba jina langu. Nani alimfungua mdomo huyu?"

"Ulimfungua wewe," akasema Bibi Hedwig, "naye akautumia kuitikia ndiyo. Mimi nilishinda na njaa. Na mimi sikujaliwa mtoto, mwalimu."

"Bibi, njaa ya siku moja!" Jerotich akacheka. "Darasa halijafunguliwa tena. Yeye anashika sindano, mimi nashika mashuka. Lakini sidai. Nasema tu."

"Ukisema tu, umeshadai," akajibu Mwalimu. Wakacheka wote, hata Jerotich.

Wakamgeukia Mbwambo, baba wa mtoto. "Mimi simo," akasema. "Mimi nimeleta nepi."

Namkunda akawatazama mmoja mmoja. Akampakata binti yake, akamnyonyesha. Hadi wanaagana, mtoto alikuwa amelala, na jina hakuwa nalo.

Haya, mliosikiliza: aliyempa maneno, aliyempa ubishi, au aliyempa nafasi? Mtoto aitwe nani?