Ghala la Maridadi

Shamba la Maridadi lilikuwa likifagiliwa. Msidhani natia chumvi! Mwenyewe aliingia kila asubuhi na jembe lililonolewa likanoleka, akayakwangua matuta ya viazi vikuu hadi chini kabisa ya mashina, kisha akapitisha ufagio kati ya mistari kama mtu anayengoja wageni sebuleni. Wapita njia walisimama, wakashika viuno. "Huyu ndiye mkulima," walisema, "sisi wengine ni wasindikizaji tu." Maridadi akisikia hivyo, siku hiyo hata chakula hakukihitaji.

Ng'ambo ya mfereji lilikuwa shamba la dada yake mkubwa. Hilo, maskini, halikuwa na wa kulisifu. Dada alitumia jembe katikati ya mistari tu. Akikaribia shina aliliweka chini, akapiga magoti na kung'oa magugu kwa vidole, halafu akayalaza juu ya tuta yakaukie hapo hapo. Kwa mbali ungedhani ni kichwa kilichoamka bila kuchanwa. Maridadi alimbandika jina la Mama Majani, na jina likanata.

"Dada, unavuna viazi au unafuga nyoka?" alimtania siku moja.

"Jembe halina macho, mdogo wangu," dada alimjibu bila kuinua kichwa. "Likikwaruza kiazi huko ardhini wewe huoni. Na kidonda cha kiazi ndimo uozo unamoingilia."

"Haya, daktari wa viazi!" akasema Maridadi, akaenda zake akicheka.

Utani huo usingemdhuru mtu, lakini mama yao alikuwa ameishiwa nguvu za kulima. Mama huyo alikuwa na mbegu ya viazi vikuu ambayo nyama yake ilikuwa nyeupe pepepe. Aliirithi kwa mama yake, naye mama yake aliirithi kwa wake. Majirani waliokuwa nayo zamani waliizembea ikapotea, ikabaki kwake peke yake. Ikifa mikononi mwake, basi imekufa duniani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alipotaka kumchagua wa kuitunza aliuliza watu, na watu wote wakalitaja shamba lile lililofagiliwa. Akampa Maridadi mbegu yote, hata kipande kimoja hakubakiza.

Dada alilia waziwazi. "Mama, nigawie hata viwili tu."

"Mbegu chache zikigawanywa hupotea, mwanangu. Ndugu yako ana mkono safi."

Neno hilo "safi" lilimchoma dada kuliko kunyimwa kwenyewe.

Msimu ulikwenda vizuri, na viazi vikatoka vinene vya kujaza mikono miwili. Ndipo Maridadi alipofanya jambo ambalo mkulima ukimsimulia leo hushika kinywa. Aliviosha! Aliviosha kimoja kimoja kwa maji na brashi ya kufulia, akavipanga ghalani juu ya chaga vikiwa bado vinatiririka, vikubwa mbele, vidogo nyuma. Watu wakamiminika kutazama. Bwana shamba naye alichungulia, lakini hakupiga makofi.

"Vimekauka hivi?" aliuliza.

"Si unaona vinavyong'aa, bwana?"

"Mimi nimeuliza kama vimekauka."

Maridadi aliliona swali hilo kuwa ni kijicho. Wageni walipoondoka alitia kufuli, akaziba na dirisha ili vumbi lisiingie.

Baada ya miezi mitatu siku ya kupanda ikawadia. Mama alikuja akiongozwa na yule binti yake mkubwa, na majirani wakafuata. Maridadi, shati limepigwa pasi, akafungua kufuli kwa madaha. Mlango ulipofunguka tu, harufu iliwapiga usoni, wote wakarudi hatua mbili.

"Ni panya," alisema upesi. "Panya amefia humu."

Viazi vilikuwa vimepangika vilevile, ngozi zao nzuri, mstari kwa mstari. Mama akapapasa, akashika kimoja kikubwa cha mbele. Vidole vyake vikazama ndani hadi kwenye vifundo, maji meusi yakamchuruzika mkononi.

"Salaale!" akapiga ukelele. "Mwanangu, umenipa nini?"

Dada alichukua cha pili kikapasuka, cha tatu kikamwagika kama uji. Alivigeuza vyote, pumzi ikimpaa. Juu ya kila kimoja, pale shina lilipokuwa, palikuwa na mkwaruzo wa jembe, na weusi ulianzia hapo ukashuka hadi chini. Mama akaketi pale pale kwenye sakafu yenye maji yanayonuka.

"Mama yangu nitamwambia nini?" aliuliza, na mama yake alikuwa kaburini miaka arobaini. "Nitamwambia nini mimi?"

Majirani, wale wale wenye ndimi za sifa, walikosa pa kutazama.

Hapo Maridadi akasema kwa sauti isiyofika mbali, "Kuna vingine. Vinne. Viko nyuma, chini ya magunia."

Vilikuwa vimetoka kwenye tuta la ukingoni, ambako magugu yalimshinda na jembe lake halikufika. Vilitoka vimepinda, vina vinundu, vina udongo na mizizi kama ndevu. Alivificha bila kuviosha ili wageni wasimcheke. Dada alikimbia, akarudi navyo kifuani. Mama akavibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba, taratibu, kila mtu amezuia pumzi. Vilikuwa vigumu kama jiwe, vyote vinne. Akavipokeza mikononi mwa binti yake, machozi yakimtoka, wala hakuuliza ushauri wa mtu.

"Mama," Maridadi alinong'ona, "niachie hata kimoja."

"Nikuachie ukakioshe?"

Hakuna aliyecheka. Walitoka mmoja mmoja, wakamwacha amesimama mbele ya mistari yake iliyonyooka, na kila mmoja akaondoka akijua kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.