Vipande vya Ukindu vya Mwalimu Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, fumbeni macho, wadogo kwa wakubwa. Mnauona mfereji? Mpana, umejaa matope. Mnawaona wanyama sita wamejipanga ukingoni? Basi hapo ndipo tulipo, zamani zile wanyama walipokuwa na shule.

Mwalimu wao alikuwa Digidigi. Alifundisha kuruka. Siku ya kwanza kila mmoja aliruka, ruu! Kikakatwa kipande cha ukindu, urefu sawa na mruko wake, mwenyewe akakitia alama yake. Mwezi ukaisha. Wakaruka tena, ruu! Wakakata tena.

Akaja Ngiri, mkubwa wa bonde. Vipande vya kwanza akavifunga tita moja. Vya pili akavifunga tita lingine. Akatazama huku, akatazama kule.

"Mwalimu, hapa virefu na vifupi, na pale virefu na vifupi. Matita yanafanana! Umewarusha bure. Kesho uhame bonde letu."

Maskini Digidigi! Nje ya bonde aliishi Chui.

Kobe akanyoosha shingo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe nawe unaruka, mama?"

Wote wakacheka, kwa kwa kwa!

"Naruka, baba. Ila wewe umenichanganya na Swala! Swala alizaliwa anaruka. Mimi nipime na Kobe wa mwezi uliopita."

Matita yakafunguliwa. Kila mmoja akatafuta alama yake, akalaza kipande cha kwanza juu ya cha pili. Kilichozidi, kata! Swala, vidole vitatu. Komba, vinne. Nguchiro, vitatu. Panya, vitatu. Kobe, viwili. Na Chura? Chura alikuwa amepungua kidole kimoja.

"Ehee!" Ngiri akadakia. "Huyu karudi nyuma!"

"Nilikula kumbikumbi tangu alfajiri," Chura akasema, ameshika tumbo.

"Na hao wengine huenda wamebahatika tu," Ngiri akasema.

"Hapana, mzee," Kobe akajibu. "Ingekuwa bahati tu, mmoja angezidi sana, mwingine angepungua sana, ovyo ovyo. Hawa watano wamezidi, tena karibu sawasawa. Aliyepungua ni mmoja, na kidogo tu."

Ngiri akavipanga vile vidogo vilivyokatwa. Akavitazama mara moja. Akavitazama mara ya pili. Akakuna pua.

"Mwalimu, nisamehe. Nilitazama matita, sikumtazama mwanafunzi. Baki."

Kisha akarudi nyuma hatua kumi, akakimbia, akaruka. Chubwi! Matopeni hadi masikioni.

"Msicheke!" akafoka. "Kateni ukindu wangu wa kwanza!"

Funzo ni hili: ukitaka kujua kama mafunzo yamefaa, mlinganishe kila mmoja na yeye mwenyewe wa jana, kisha uangalie tofauti zao zote kwa pamoja.

Hadithi yangu imefika ukingoni, imekaa. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu, wanangu: kabla ya kufunga tita, tafuteni kwanza alama ya mwenyewe.