Mvule Unaoponya Meno

Mshangama, tajiri wa mbao, alifika na chensoo kwa Namkunda akaiwasha. "Mvule huu leo naupasua mbao. Mumeo hayupo, utanifanya nini?"

Namkunda alikuwa na mtoto mgongoni, na mvule ule ndio urithi wake pekee. Akasogea kando. "Pasua baba, pasua tu, ila cheni yako naihurumia, maana ukoo mzima tukiumwa jino tunapigilia msumari humo na jino linapona, mti umeimeza misumari yote, imejaa tele!"

Mshangama akazima chensoo. Akashika shavu.

"Hata gego?"

"Gego ndilo hupona haraka, baba."

Akatoa msumari garini, akaupigilia mwenyewe, akaondoka akichekea upande mmoja.

Namkunda akatundika nepi mbichi kwenye msumari ule, wa kwanza kuingia mti huo tangu uote.