Sura ya Kwanza Mara Tano

Yupo mkulima ambaye mvua humkuta dukani. Amesimama mbele ya majembe, analipima hili mkononi, analikataa lile kwa kuwa mpini wake umepinda, anamuuliza muuzaji kama wiki ijayo yatakuja mengine. Wakati huo jirani yake, mwenye jembe butu la kurithi, amekwisha kupanda mistari minane. Wahenga walimjua mtu huyo wakamtungia neno, na neno hilo halichagui nchi. Lilimfuata Janelle Pruitt hadi kwenye vilima vya kusini mwa Missouri, naye hakuwa hata na shamba.

Janelle alikuwa na binti mmoja, Tirzah. Mtoto alipomaliza darasa la tano, Janelle na mumewe Dwight walimtoa shuleni wakakata shauri kumsomesha nyumbani, kama zilivyofanya familia nyingi za kanisani kwao. Sababu yao ilikuwa ya haki. Tirzah alikuwa mtoto wa maswali, na mwalimu wake, aliyelemewa na watoto thelathini na wawili, alimwambia mbele ya wenzake apunguze mdomo. Mtoto alirudi nyumbani akiwa kimya, na kimya kile kilimuuma sana mama yake.

"Hapa kwangu utauliza mpaka uchoke mwenyewe," Janelle alimwahidi.

Kusoma na kuandika kulikwenda vizuri. Hesabu alifundisha Dwight kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi yake ya kutengeneza matanuri ya kupasha nyumba joto. Sayansi ilibaki kwa Janelle, na sayansi ndiyo aliyoitaka Tirzah. Alifuga mbuzi wanne nyuma ya nyumba, na tangu siku alipomwona daktari wa mifugo akimzalisha mmoja wao huku akipiga soga kana kwamba anamenya viazi, hakutaka tena kuwa kitu kingine. Mji wa jirani ulikuwa na sekondari yenye darasa maalumu la sayansi ya mifugo. Darasa hilo lilipokea watoto kumi na wawili tu kwa mwaka, kwa mtihani mmoja uliofanywa mwezi wa Aprili na waliokuwa darasa la nane. Aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kurudia. Walikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa, na miaka mitatu ukiitazama kwa mbali huonekana mingi.

Sanduku la kwanza lilitoka kwenye maonyesho ya vitabu mjini Springfield. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha mwanafunzi, mwongozo wa mzazi, daftari la majaribio na hadubini ndogo ya plastiki. Sura ya kwanza ilieleza mwanasayansi anavyofanya kazi: huuliza swali, husoma waliyoandika wengine, hukisia jibu, hufanya jaribio, huandika alichokiona, kisha hutoa hitimisho. Hatua sita. Tirzah alizikariri kwa siku mbili.

"Sura ya pili ni ya seli," alisema akiwa tayari amefunua ukurasa. "Tuanze leo, Mama?"

"Subiri kwanza. Nasikia kitabu hiki kinawakausha watoto."

Alisikia wapi? Kwa akina mama wenzake mtandaoni, ambako kila kitabu kina wa kukisifu na wa kukizika. Mmoja aliandika kwamba mwanawe alilia kwa uchovu alipofika sura ya nne, na hilo likatosha. Sanduku likauzwa. La pili lilikuwa na hadithi tamu na picha za kupendeza, ila dada mmoja wa kanisani alimnong'oneza Janelle kwamba mtunzi wake anahesabu umri wa dunia kwa mamilioni ya miaka, si kwa elfu chache kama walivyoamini kanisani kwao. Likafungwa. La tatu lilipendekezwa na dada huyohuyo. Dwight alilisoma jioni moja akakuna kichwa.

"Huyu bwana kazi yake ni kugombana na vitabu vya wenzake," alisema. "Atamfundisha mtoto saa ngapi?"

La nne lilikuwa la masomo ya video, na kule bondeni mtandao ulikuja na kuondoka kama paka wa jirani. Na watunzi wa vitabu hivi, sijui walikula kiapo gani, wote huanzia palepale. Kila sanduku jipya lilipofika Tirzah alirudishwa kwenye sura ya kwanza, kwenye zile hatua sita, akazisoma upya kana kwamba hajawahi kuziona. Mwaka wa kwanza alizisoma kwa furaha. Mwaka wa pili alizisoma kwa adabu tu.

Kila Alhamisi familia zilizosomesha watoto nyumbani zilikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa. Alhamisi moja ya mwaka huo wa pili, Janelle alimkuta Colleen Stroud, mama wa watoto watano, amepanga watoto kuzunguka sinia la kuokea biskuti. Juu ya sinia palikuwa na moyo wa nguruwe aliopewa na muuza nyama.

"Karibu, Dada Janelle," alisema Colleen akiwa ameshika kisu. "Huyu alikuwa nguruwe mwema, moyo wake mkubwa."

Kando ya sinia palikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa zake zimejaa madoa ya mafuta.

"Hiki ndicho unachotumia? Kinaitwaje?"

"Hata jina silijui. Jalada liling'oka kabla sijamzaa huyu wa tatu."

Janelle alikifunua kwa ncha za vidole, kisha akainua uso. "Colleen, kitabu hiki kinahesabu sayari tisa. Pluto ilishaondolewa zamani."

"Najua. Tukifika hapo nawaambia wafute moja. Tunatumia dakika moja, tunaendelea."

"Mimi siwezi kumfundisha mtoto kitu chenye makosa."

"Haya, unamfundisha nini? Maana mwenzangu, mwaka wa pili huu nakusikia unasoma menyu, na mtoto bado hajala."

Akina mama walicheka, na Janelle akacheka nao ili asionekane ameumia. Lakini alikuwa ameumia. Alipogeuka kumtafuta binti yake alimkuta amejipenyeza kando ya Maribeth, binti wa Colleen, kidole chake kimezama ndani ya moyo wa nguruwe.

"Mama, damu inaingia huku, inatokea huku," Tirzah alisema kwa sauti ambayo Janelle hakuwa ameisikia kwa miezi. "Naomba nibaki."

"Vaa koti. Sanduku letu jipya linafika Jumanne, nalo lina moyo wa plastiki unaofunguka vizuri zaidi."

Tirzah alivaa koti. Tangu siku hiyo hakuomba tena kubaki mahali popote, na mama yake alidhani ni ishara ya utiifu.

Siku hazigandi. Darasa la nane lilianza, na kitabu cha tano kikaanza nalo. Mwezi wa Oktoba ilikuja fomu ya mtihani wa Aprili, na Dwight akaiweka mezani kati ya sahani za mikate midogo na mchuzi mweupe.

"Mke wangu, nakuomba jambo moja," alisema. "Usibadilishe tena. Hata kikiwa kibaya, kimalize."

Janelle aliapa. Akapiga moyo konde, na baada ya sikukuu za Krismasi, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, walivuka wakaingia sura ya pili. Tirzah alisoma juu ya seli, na taratibu uso wake ukaanza kurudi kuwa ule wa zamani. Aliweka kalamu chini.

"Mama, mbuzi anaanza na seli moja, sivyo? Ikijigawa, hii inajuaje iwe jicho na ile iwe kwato?"

Janelle alifungua mwongozo wa mzazi. Jibu halikuwemo. Alifunua nyuma, akafunua mbele. Alijikuta tena na miaka kumi na mitatu, amesimamishwa mbele ya ubao mbele ya darasa zima, mwalimu wa sayansi amekunja mikono akingoja jibu, na wenzake wameanza kugunaguna. Siku ile alisimama hadi kengele ikalia. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsukuma kutoka sanduku hadi sanduku. Kitabu alikuwa hakiogopi hata kidogo. Aliogopa kuulizwa. Maadamu alikuwa bado anachagua, hakuna aliyeweza kusema kwamba ameshindwa kufundisha.

Angeweza kusema, "Sijui, mwanangu, tutafute." Colleen alikuwa akisema hivyo mara kumi kwa siku, tena anacheka. Janelle alifunga mwongozo.

"Kitabu hiki hakielezi vizuri," alisema. "Nimeona kingine."

Tirzah akachukua kalamu, akafunga daftari, akatoka kwenda kuwalisha mbuzi. Hakuuliza hicho kingine ni kipi. Sanduku hilo la sita lilipofika mwezi wa Machi, muda ulikuwa umekwisha. Hakikufunguliwa hata kimoja kati ya vitabu vilivyokuwa ndani yake.

Mtihani ulifanywa Aprili. Barua ilikuja Mei, na Janelle akaisomea kando ya sanduku la barua. Matokeo yalikuwa yamegawanywa kwa vifungu. Namna ya kufanya sayansi: kumi kwa kumi. Viumbe hai: mbili kwa thelathini. Mwili wa mnyama: nne kwa thelathini. Nguvu na maada: sifuri. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya upole ikisema kwamba wanasikitika.

Maribeth Stroud alipata nafasi. Colleen hakuja kutamba. Alikuja mchana na bakuli la viazi vilivyookwa kwa jibini, limefunikwa kwa karatasi ya alumini, kama watu wa kule wanavyopeleka kwenye nyumba yenye msiba. Alilipokeza mlangoni, akamshika Janelle bega, akaondoka bila kuingia. Janelle angependa zaidi kama angetukanwa.

Aliyelia siku hiyo ni Dwight, ndani ya gari lake la kazi, akidhani haonekani. Tirzah hakulia. Alikula viazi, akaosha sahani yake, akasema kwamba Agosti angependa kwenda shule ya kawaida mjini, kama wengine.

"Na mifugo je?" baba yake aliuliza.

"Mifugo ina watu wake, Baba," alijibu, bila hasira yoyote.

Kesho yake asubuhi Janelle alipanda kwenye chumba cha masomo kabla hata ya kunywa kahawa. Alinyoosha mkono kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akachukua kitabu bila kusoma jina lake. Akakiweka mezani, akamwita binti yake, na Tirzah alipokuja akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nimekukosea," Janelle alisema. "Mambo mengi humu siyajui. Lakini tuanze leo, mimi na wewe. Pawe na mtihani au pasiwe. Sayari, umeme, moyo, chochote unachokitaka. Niambie tufungue wapi."

Tirzah alikitazama kitabu, akamtazama mama yake. Hapakuwa na chuki usoni mwake, wala hamu. Palikuwa na adabu tu, ile ya mgeni anayekataa chakula kwa kuwa alishazoea kulala na njaa.

"Popote tu, Mama," alisema. "Chagua wewe."

Akageuka, akashuka ngazi polepole. Janelle alibaki peke yake kati ya vitabu vizuri ambavyo havikuwa na kosa hata moja, mvua ya miaka mitatu ikiwa imekwisha kunyesha na kukauka. Hakika mchagua jembe si mkulima.