Tunu na Mwalimu Fisi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusali kanisa moja, Fisi alijitolea kuwafundisha watoto nyimbo. Alicheka nao, akawabeba mgongoni, akawalambisha asali. Wazazi wakasema, "Huyu ni zawadi!"

Ilikuwapo desturi: mkubwa hakai na mtoto wao wawili tu, wala mlango haufungwi. Lakini Mzee Tembo, kiongozi wa kanisa, aliiondoa.

"Tutamvunjia Mwalimu Fisi heshima," alisema.

Siku moja Tunu, bintiye Digidigi, alimwambia mama yake, "Mama, sitaki kubaki na Mwalimu Fisi."

"Ebo! Mwalimu anayekupenda hivyo? Nenda, usiniaibishe!"

Tunu akaenda. Chakula kikamshinda. Jani likianguka tu, anashtuka.

Jirani yao, Shangazi Pimbi, aliliona hilo. Akaketi naye uani, mbele ya macho ya watu. "Mwanangu, una nini?"

Tunu akatazama chini. "Ananishika nisivyotaka, Shangazi. Kasema ni siri yetu. Nikisema, Mungu atanikasirikia."

"Hukukosa kitu, mwanangu. Umefanya vyema kusema."

Pimbi huyoo, mbio kwa Mzee Tembo!

"Acha umbea, Pimbi! Fisi? Haiwezekani!"

"Basi simama nje ya dirisha usikie mwenyewe. Masikio unayo, tena makubwa."

Jumapili ilipofika, Tunu alibaki nyumbani. Pimbi akajifunika kitenge cha Tunu gubigubi, akaketi chumba cha nyimbo, mgongo kaupa mlango.

Fisi akaingia. Kacha! Akafunga.

"Tunu, hukumwambia mama?"

"Nisimwambie nini, Mwalimu?" Pimbi aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Mchezo wetu. Hata ukisema, nani atakuamini? Huyo Tembo wao mimi namwendesha nitakavyo."

Puuu! Mlango ukaanguka, Tembo akaingia; yote aliyasikia pale dirishani. Pimbi akatupa kitenge.

"Ala! Ni wewe?" Fisi akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Wakamkamata, wakampeleka barazani kwa Simba, hakimu wa wanyama, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena penye watoto.

Lakini hapakuwa na vigelegele. Baada ya Tunu, Ngiri mdogo naye alisema. Kisha Kima mdogo. Tembo akairudisha desturi ile, akaanza kuifuata yeye mwenyewe, huku machozi yakimtiririka hadi mkongani. "Nililinda heshima ya mkubwa," alisema, "nikawaacha wadogo."

Mama Digidigi alipiga magoti mbele ya binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Nilikuambia, Mama," Tunu akasema taratibu.

Mama akabaki pale chini, kashika vidole vya Tunu.

Ndiyo hivyo, wanangu: siri inayokuumiza haifichwi, na mtoto akisema "sitaki," husikilizwa siku hiyo hiyo.