Lalamiko la Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa mto, na ng'ambo ya mto majani mabichi, na huku vumbi tupu. Kaeni vizuri. Na nyinyi wakubwa sogeeni, hadithi hii si ya watoto peke yao. Anayetaka ya kuchekesha aende kwa jirani, mimi leo sinayo.

Hapo zamani za kale kulikuwa na Chama cha Wanadi. Mnadi ni nani? Ni yule anayesimama mbele za watu akapaza sauti: njooni huku kuna maji, nendeni kule kuna matunda. Kazi yake ni mdomo. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga nawaheshimu sana, lakini hapo waliteleza. Chema kinaweza kukaa porini kikaoza na asikijue mtu. Kibaya ndicho kinachouzwa, tena asubuhi na mapema. Mtaona.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Kila mwanachama alivaa shingoni ukili mwekundu, ule msuko mwembamba wa ukindu tunaoshonea mikeka. Mwenye ukili akinadi, wanyama humsikiliza. Asiye na ukili akinadi, wanyama huangalia pembeni. Ndivyo walivyozoea.

Na ukili haukutolewa ovyo, la. Mwombaji alisailiwa tabia. Alipanda juu ya kichuguu mbele ya wanyama wote. Mzee Hondohondo akauliza mara tatu, "Mwenye lalamiko juu ya huyu na aseme." Kila akiuliza, alirusha kuyu moja, tunda la mkuyu, hewani, akalidaka, akalitafuna, akalimeza. Kuyu likishuka kooni bila mtu kusema, mara hiyo imepita. Makuyu matatu yakishuka, mwombaji ni safi, avishwe ukili. Usaili wenyewe ndio huo. Tabia ya mtu ilipimwa kwa makuyu matatu, tena hondohondo ana koo pana.

Sasa mjueni Segu. Segu ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi. Anajua kila mzinga wa nyuki porini, lakini hana nguvu ya kuupasua. Kwa hiyo alikuwa na rafiki, Nyegere. Nyegere ana kucha kama majembe, ila hajui mizinga ilipo. Segu huruka mbele, chere-chere-chere, nifuate! Nyegere humfuata, gidi, gidi, gidi. Wakifika, Nyegere hupasua, akala asali, Segu akala nta. Wakaishi hivyo miaka. Mmoja bila mwenzake angelala njaa.

Ukaja mwaka wa ukame. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Majani ya upande huu yakaisha, yakabaki ya ng'ambo. Lazima wanyama wavuke. Wavukie wapi? Karibu, penye matete marefu, palikuwa na kivuko cha Mamba. Mbali, mwendo wa nusu siku kuelekea juu, palikuwa na mawe saba yamepangana mtoni, na maji hapo ni ya magotini. Mawe yale aliyajua Segu peke yake, maana yeye huona kutoka juu.

Segu akawaambia wanyama, "Twendeni kwenye mawe, mtavuka salama."

Wakamuuliza, "Una ukili?"

"Sina."

"Basi."

Ndiyo maana Segu akaenda kuomba ukili. Hakuutaka kwa fahari. Aliutaka ili asikike kabla watu hawajaingia mateteni kwa Mamba.

Siku ya usaili wanyama wakajaa. Waombaji walikuwa wawili, Segu na Mamba. Segu akapanda kichuguu. Mzee Hondohondo akarusha kuyu.

"Mwenye lalamiko juu ya Segu na aseme."

Kimya. Kuyu likashuka.

"Mwenye lalamiko juu ya Segu na aseme."

Kimya. Kuyu likashuka.

"Mwenye lalamiko juu ya Segu na aseme."

Nyegere akajikuna shingo. Nyegere ni mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa hujibu, hata kama hakuna aliyetaka jibu. Akasema, "Mimi sina kinyongo naye. Lakini mmeuliza. Mwaka juzi alininadia mzinga kwenye mninga. Nikaupasua. Asali hamna, wamejaa siafu. Nikavimba uso siku tatu."

Mzee Hondohondo akalitema kuyu. "Segu, ni kweli?"

"Ni kweli," Segu akasema. "Nilinadi kitu nisichokichungulia ndani. Nilikosa. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, nikampeleka kwenye mzinga mwingine, na toka siku ile sinadi mzinga bila kuuchungulia."

"Ni kweli kabisa," Nyegere akadakia. "Aliniomba radhi, tukayamaliza. Asali ile ya pili ilikuwa nyingi mno."

"Hilo la radhi halikuulizwa," Mzee Hondohondo akasema. "Lililoulizwa ni lalamiko, nalo lipo, na mwenyewe amekiri. Chama hiki kina jina lake. Shuka, Segu."

Nyegere akamtazama rafiki yake akishuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, mimi nilidhani wanauliza tu."

"Najua," Segu akasema.

Akapanda Mamba. Akapanda polepole, tumbo likiburura, kwa adabu zote. Akawasalimu wakubwa kwa wadogo.

"Mwenye lalamiko juu ya Mamba na aseme."

Na nyinyi semeni nami. Wakajibuje?

Kimya.

Kuyu likashuka. Mzee Hondohondo akauliza mara ya pili. Wakajibuje?

Kimya.

Akauliza mara ya tatu. Hapo akasimama Mama Kuro, asiye na pembe, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema, "Mwanangu alivuka kwa Mamba juma lililopita. Sijapata habari zake."

"Pole, mama," Mzee Hondohondo akasema. "Hilo ni lalamiko au ni swali?"

Mama Kuro akafikiri. Hakuwa ameona kitu, naye hakutaka kumsingizia mtu. "Ni swali," akasema.

"Leo tunapokea malalamiko. Na sheria yetu ni moja: mdomo ulioumia ndio unaosema. Mwanao ameumia?"

"Sijui."

"Basi akiwa ameumia, aje mwenyewe."

Kuyu likashuka. Wanyama wakapiga makofi. Hakuna hata lalamiko moja! Hata Kobe amelalamikiwa, jamani, kwa kuchelewa. Huyu hana hata moja. Mamba akavishwa ukili mwekundu.

Enyi mnaonisikiliza, nani angemlalamikia Mamba? Aliyeumwa na Mamba yuko wapi? Mimi nikifika hapa kila mara hasira hunipanda, nisameheni. Tuendelee.

Kesho yake Mamba akanadi. "Kivuko salama! Kivuko cha karibu! Mmoja mmoja, jamani, kwangu hakuna kusukumana!" Wanyama wakapanga foleni. Wakaipenda foleni ile, wakasema, huyu mtu ana utaratibu. Matete yalikuwa marefu, aliyeingia haonekani tena. Mnasikia tu: chubwi! Halafu kimya. Halafu sauti ya Mamba, tulivu: "Amefika. Anayefuata."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Kuro. Alikuwa akimfuata mwanawe.

Chubwi!

"Amefika. Anayefuata."

Segu akaruka juu ya vichwa vyao. "Chere-chere-chere! Msiingie! Juu huko kuna mawe saba, maji ni ya magotini, nusu siku tu!" Swala akainua kichwa, akamtazama shingoni. Hana ukili. Nyumbu akasema, "Si ndiye yule aliyelalamikiwa jana?" Swala akainamisha kichwa, akasogea mbele.

Chubwi!

"Amefika. Anayefuata."

Segu akaruka mpaka kwenye tawi, akaangalia ndani ya matete. Akaona. Akarudi kwenye foleni akipiga kelele, anawala, anawala! Wakamwambia, hizo ni fitina, umekosa ukili ndiyo unamchafua mwenzio. Huwezi kubishana na foleni. Kila mmoja aliyekuwemo alimwona aliye mbele yake ametulia, naye akatulia.

Siku ya nne, ni nani yule anakuja kwa mwendo wa gidi, gidi, gidi? Nyegere. Kakonda, mbavu zinahesabika. Maua yamekauka, nyuki wamehama, mizinga haina kitu. Akajiunga na foleni. Segu akatua mbele yake, chini kabisa, kwenye vumbi.

"Nyegere, ndugu yangu, usiende. Nifuate mimi. Kuna mawe."

"Segu, nina njaa. Nusu siku siiwezi kwa kukisia."

"Si kukisia. Nimeyaona kwa macho yangu. Nimeyachungulia."

Nyegere akashusha pumzi. "Wewe mwenyewe ulinifundisha, baada ya siafu wale. Ulisema, usifuate sauti, chungulia kwanza. Nimechungulia. Mamba hana lalamiko. Wewe unalo."

"Lalamiko lenyewe ni lako!"

"Ni langu. Ndiyo maana naliamini. Nalijua kwamba ni la kweli."

Nyegere alikuwa mkweli mpaka mwisho, na ukweli wake ndio uliokuwa ukimpeleka mateteni. Segu akamshika manyoya kwa mdomo, akamvuta. Segu ni ndege wa kukaa kiganjani. Nyegere akamwondoa taratibu, asimuumize.

"Nikifika nitakuita," akasema. "Ng'ambo lazima kuna mizinga."

Akaingia, gidi, gidi, gidi.

Hapa msiseme nami. Nitasema peke yangu.

Chubwi.

"Amefika. Anayefuata."

Segu akakaa kwenye tawi akisubiri kuitwa. Alijua hataitwa. Alisubiri vivyo hivyo mpaka foleni ikaisha.

Mvua zikarudi. Majani yakaota upande huu, mengi, hayana wa kuyala. Ukafika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanadi. Mzee Hondohondo akatazama uwanja. Palipokuwa pamejaa, sasa pana vikundi viwili vitatu. Akasema, "Wenzetu wengi wamehamia ng'ambo. Wamepapenda. Hiyo ni sifa kwa kazi ya Bwana Mamba." Mamba alikuwa pale mbele, ukili umembana, maana shingo imenenepa. Akasailiwa upya kwa kawaida ya chama. Mara tatu. Mnajua walivyojibu.

Kwa usafi ule, akafanywa mkuu wa usaili.

Halafu Mzee Hondohondo akasema, "Lipo pia shauri la Segu. Mlalamikaji ni Nyegere. Nyegere yupo?"

Kimya. Kuyu likashuka.

"Nyegere yupo?"

Kimya. Kuyu likashuka.

"Nyegere yupo?"

Segu alikuwa juu ya kichuguu. Alitazama ile njia inayotoka porini, kana kwamba angeweza kusikia gidi, gidi, gidi. Hakusikia. Kuyu likashuka.

"Mlalamikaji hayupo, lalamiko limefutika. Segu, hongera. Wewe sasa ni safi."

Wakapiga makofi, wale wachache. Mamba akasogea na ukili mwekundu mdomoni ili amvishe, kwa kuwa yeye ndiye mkuu.

Segu akasema, "Mzee Hondohondo, mimi nina lalamiko juu ya Mamba."

"Amekuuma?"

"Hajaniuma mimi. Amemla Nyegere."

"Basi aje Nyegere. Sheria unaijua."

Segu akasema, "Basi naomba jambo moja. Msilifute lalamiko lake. Lirudisheni. Nilimpeleka kwenye siafu, akavimba uso siku tatu, ni kweli. Liacheni juu yangu mpaka nife."

Mzee Hondohondo akashangaa. "Unaomba kuchafuliwa?"

"Hana kaburi," Segu akasema. "Hakuacha mtoto. Hakuna mahali pengine popote panaposema kwamba palikuwa na mtu anaitwa Nyegere. Mkilifuta hilo, mnamfuta yeye."

"Haiwezekani," Mzee Hondohondo akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Lalamiko lisilo na mlalamikaji halipo."

Segu akautazama ukili katika meno ya Mamba. Mwaka mzima alikuwa ameutaka. Kwa ukili ule angesikilizwa na kila mtu, ila wa kusikiliza walikuwa wamekwisha. Akaruka, akaenda zake. Mamba akauachia ukili juu ya kichuguu, mchwa wakaula.

Mpaka leo, ukipita porini, utamsikia Segu juu ya mti, chere-chere-chere. Hana ukili. Anaita, anaruka mbele, anageuka kuangalia kama unamfuata. Wengi hawamfuati. Nami siwezi kuwaambia kwamba siku moja watamfuata, maana sijaiona siku hiyo.

Fundisho ni hili. Mtu asiye na lalamiko hata moja, usimsifu kwanza. Uliza waliopaswa kulalamika wako wapi. Na aliyekiri kosa lake mbele ya watu, usimtupe, huenda ndiye peke yake anayejua mawe yalipo.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipoishia njia ya Nyegere, kwenye maji. Aliye na swali, aulize sasa, na asiogope kuliita lalamiko.