Beseni Dogo la Bluu

Kisa hiki nimepewa na yule aliyepatwa nacho, na ruhusa ya kukipitisha ninayo. Ukimtumia mwenzako, mtumie chote, maana kiini chake kiko mwishoni.

Palikuwa na mwandishi wa riwaya, mtu wa Morogoro. Tumwite Ladislaus.

Vitabu vyake vilisomwa sana, na balaa lake lilianzia hapo. Mtaani kwake kila mtu alijua kwamba ukizungumza mbele ya Ladislaus, kesho unaweza kujikuta ndani ya kitabu. Kwa hiyo akifika kijiweni kwenye kahawa, wengine walinyamaza. Wengine walipiga chumvi, na hao ndio waliomchosha zaidi. Kinyozi wake hakuweza kumkata nywele bila kumsimulia siku aliyompiga chui kofi, na kila akirudia hadithi hiyo chui alikuwa ameongezeka urefu.

Ladislaus akajiwekea utaratibu. Akitaka kuandika, husafiri mbali, na akifika hasemi kazi yake. Mahali pamoja alikuwa mnunuzi wa ngozi. Kwingine alikuwa mkaguzi wa visima. Kwingine alikuwa mtu anayetafuta kiwanja, na nusura auziwe makaburi. Alimwambia mkewe kwamba watu humwaga ya moyoni mbele ya mtu wasiyemwogopa.

Mkewe alimuuliza kama na yeye huko aendako huwa anamwaga ya kwake. Ladislaus alicheka, akaendelea kupanga nguo kwenye begi.

Mwaka mmoja alikauka kabisa. Alikaa mezani asubuhi hadi mchana na karatasi ikabaki nyeupe. Mchapishaji alipiga simu, akaambiwa kazi inaendelea vizuri. Mwishowe Ladislaus alipanda basi hadi Rungwe, kule juu ambako ukungu unashuka mpaka mlangoni na watu huoga maji ya moto mwaka mzima. Kwenye nyumba ya wageni alijitambulisha kuwa bwana shamba kutoka makao makuu.

Kesho yake alitembea kijijini hadi akafika kwenye nyumba moja yenye migomba pembeni. Mwanamke alikuwa ameketi uani akipukuchua maharage. Wapita njia walimsalimia Mama Atupele, na Ladislaus naye akamwita hivyohivyo.

Alijitambulisha kuwa bwana shamba, akamuuliza baba mwenye nyumba yuko wapi. Mama yule alimtazama kidogo, akamtazama na viatu, akasema yeye ni mjane.

Basi, mambo yakawa matamu. Mama Atupele alisimulia jinsi mumewe Ambakisye alivyochukuliwa na mto akirudi kuuza ndizi. Alisimulia walivyomtafuta, na wimbo ulioimbwa msibani. Akasema kwamba hadi leo, kila jioni, anachemsha maji ya kuoga na kuyaweka nyuma ya nyumba, kisha anayaacha hapo mpaka yapoe. Alipofika hapo aliangua kilio, na hakikuwa kilio kidogo. Alionyesha ukutani, na Ladislaus akaona beseni dogo la bluu likining'inia kwenye msumari.

Katikati ya mazungumzo kulisikika kikohozi kutoka chumba cha ndani. Mama Atupele alifuta machozi, akasema ni mbuzi wake, ana mafua. Ladislaus aliona hilo nalo ni zuri, akaliweka moyoni.

Alipoaga, mama alimuuliza swali la bwana shamba: viazi apande lini? Ladislaus hakujua viazi vinapandwa wala vinang'olewa lini. Lakini mtunzi hakosi jibu. Alitazama mawingu, akasema asiwe na haraka, asubiri mvua ya pili. Alilisema kwa uzito, kama mtu aliyelisomea.

Alirudi Morogoro akaandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Riwaya ilitoka, na juu ya jalada palichapishwa maneno haya: kisa cha kweli. Watu waliipenda, na walichokipenda zaidi ni yale maji ya beseni. Wasomaji walimwandikia kwamba wamelia. Mbuzi mwenye mafua naye alipata wapenzi wake.

Siku ya kukizindua kitabu, ukumbi ulijaa. Ladislaus alisema kila neno ni la kweli, mama huyo yupo, ameketi naye uani kwake. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono, akauliza mama huyo anaendeleaje sasa. Ladislaus alijibu kwamba anaamini hajambo. Lilikuwa jibu jepesi, na yeye mwenyewe aliliona hivyo.

Baadaye, wakati wa kusaini vitabu, alikuja mfanyabiashara wa viazi aliyezaliwa kulekule Rungwe. Walizungumza habari za kwao, na mtu yule akataja msimu ule mbaya ambao mvua ilikatika mapema. Waliopanda mapema walivuna. Waliosubiri mvua ya pili walipata majani matupu.

Ladislaus aliuliza ni msimu upi. Ulikuwa uleule.

Tangu hapo sifa zilimchoma. Kila aliposifiwa kwa kitabu, alimwona mjane amesimama kwenye shamba la majani matupu kwa sababu ya neno alilolitoa mfukoni. Alimweleza mkewe yote. Mkewe hakumgombeza, alimwambia tu kwamba nauli ipo na njia anaijua.

Alishuka Tukuyu na gunia la unga, akakodi bodaboda hadi kijijini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na kila alipoyapanga yalipanguka. Alipofika alibisha hodi, na mlango ukafunguliwa na mwanamume mrefu mwenye shuka begani.

Ladislaus alimwambia anamtafuta Mama Atupele, yule mjane.

"Karibu," alisema mwanamume yule. "Mimi ndiye marehemu."

Kisha akakohoa, na kikohozi kilikuwa kilekile cha mbuzi.

Ladislaus aliketi juu ya gunia la unga bila kukaribishwa. Mama Atupele alitokea jikoni akijifuta mikono, akamtambua mara moja, akacheka hadi akashika mlango. Mpwa wao ni mwalimu, aliwaletea kile kitabu, na Ambakisye alikuwa amekisoma chote. Alikuwa na malalamiko. Alisema mto wenyewe kuku anauvuka bila kulowa tumbo, na kwamba kama ni kufa, angependa afe kwa heshima zaidi.

Mama Atupele alieleza ilivyokuwa. Wiki ile kijijini palikuwa na uvumi kwamba watu wa wilaya watapita kuandikisha wajane, wapewe mbolea kwanza. Alipomwona mgeni anasema ni bwana shamba, akamuua mumewe hapohapo. Hakuchukua muda kugundua kwamba mgeni naye ni mwongo.

"Ulikuja na viatu vinang'aa," alisema. "Hukuinama kugusa udongo. Ukaniuliza marehemu alikuwa anachekaje. Bwana shamba gani anauliza hivyo?"

Ladislaus aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu viazi. Akajibiwa kwamba walivipanda kesho yake asubuhi, na walivuna vizuri. Swali lile mama alimuuliza ili aone atadanganya mpaka wapi.

Wote watatu walicheka. Lakini Ladislaus ndiye aliyenyamaza wa kwanza, maana alikumbuka ule ukumbi na maneno aliyosema mbele ya watu. Aliona haya, tena haya ya kweli, ya mtu aliyedhani anavua kumbe anavuliwa.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya safarini. Alitaja jina lake. Akasema yeye ni mwandishi, anatoka Morogoro, na mwaka ule alikuja kwao kwa sababu alikuwa amekauka. Akasema alikuwa anaogopa kwamba uandishi umemtoka na hataupata tena, na hofu hiyo hakuwa amemweleza hata mkewe.

Mama Atupele aliacha kucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu yake.

"Yote niliyokwambia siku ile nilitunga," alisema. "Isipokuwa maji."

Aliinuka akalitoa beseni ukutani, akaliweka miguuni pa Ladislaus. Lilikuwa dogo kweli. Mtu mzima angeweza kunawia uso humo, lakini kuoga asingeweza. Ladislaus alikuwa ameliandika kwenye kitabu chake, udogo wake na rangi yake, na hakujiuliza Ambakisye mwenye urefu ule angeliogea vipi.

"Siku nzima uliniita Mama Atupele," alisema mama. "Uliuliza kila kitu. Hukuuliza Atupele yuko wapi."

Atupele alikuwa binti yao, mtoto wao wa kwanza, na baada yake hawakupata mwingine. Alikuwa darasa la pili homa ilipomchukua. Kila jioni aliogeshwa kwenye beseni lile, na baada ya kumzika, mikono ya mama yake iliendelea kuchemsha maji kama ilivyozoea.

Ambakisye ndiye aliyemalizia. Alisema siku ile mgeni alipokuja, yeye alikuwa chumba cha ndani, na aliposikia anauawa kwa ajili ya mbolea alitaka kutoka amfukuze mgeni na kumaliza mchezo.

"Halafu nikamsikia mke wangu analia," alisema. "Tangu tumzike mtoto hakuwa amelia. Hata siku moja. Nikabaki humo ndani na kikohozi changu."

Mama Atupele alikubali kwa kichwa. Alisema jina la mwanawe lilikuwa limemkwama, halitoki, kwa hiyo alimlilia kwa jina la baba yake.

Ladislaus alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati. Aliniambia kwamba mkono wake haukuigusa. Aliuliza swali moja tu: Atupele alikuwa mtoto wa namna gani?

Wazazi wale walitazamana, wakaanza kwa pamoja, wakakatizana, wakasahihishana. Chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Jioni ilipofika mama alichemsha maji kama kawaida yake, na safari hii Ladislaus ndiye aliyeombwa kulibeba beseni hadi nyuma ya nyumba. Alipoondoka walimfunga ndizi za njiani, na unga wake ukapokelewa kwa ndaga fijo, shukrani ya huko.

Aliporudi nyumbani, alimsimulia mkewe kwanza, pamoja na ile hofu yake. Kisha akamwomba mchapishaji ayaondoe yale maneno ya kwenye jalada. Mchapishaji alinung'unika, lakini chapa iliyofuata ilitoka bila hayo maneno. Kinyozi pia amepata afueni, maana siku hizi Ladislaus akikaa kwenye kiti huanza yeye kusimulia, na chui hajaonekana tena.

Aliyoambiwa kuhusu mtoto yule hajayaandika, na amesema hatayaandika. Hiki kidogo unachokisoma aliwaombea ruhusa wenyewe, wakakubali kipitishwe, mradi majina yabadilishwe. Ninayewatumia nimeyabadilisha yote isipokuwa moja. La Atupele wazazi wake walisema libaki.

Funzo: Ukitaka mtu akupe ukweli wake, mpe kwanza wa kwako, na kabla hujamuuliza makubwa, muulize habari za yule ambaye kwa jina lake unamwita kila siku.